Vikanyagio vya Mikayi

Siprosa alizikwa Jumamosi. Asubuhi ile, vijana walipokuwa wakifunga turubai na kuteremsha viti vya kukodi, mimi nilisimama kando ya mafiga nikiangalia masufuria yasiungue, kwa sababu msiba haumzuii mpishi mzembe kuunguza chakula. Baadaye waliniita mbele niseme neno kama mke mwenza. Nilisema kwamba alikuwa mfanyakazi, kwamba hakupenda uvivu, nikarudisha kipaza sauti na kwenda kukaa. Mchungaji alinishika bega akidhani huzuni imenifunga kinywa. Haikuwa hivyo. Kuna mambo hayasemwi mbele ya wakwe huku watoto wakilia na jenereta ikinguruma. Hayo niliyoyaacha ndiyo ninayoyaandika hapa kwa mkono wangu, mkono ulioacha shule darasa la nne ukashika jembe, kwa hiyo anayesoma asitafute maneno ya kupendeza. Mjukuu wangu ananiambia watu huandika juu ya mwaka uliowafanya wakawa walivyo, na kwamba wengi huchagua mwaka wa ujana. Ujana wangu nilifundishwa mambo mengi, nikayasahau mengi. Mwaka ulionifinyanga ulinikuta nina mvi na goti bovu, nikiyeyusha plastiki mjini Homa Bay, chini ya amri ya mwanamke ambaye tulikaa naye boma moja miaka mingi bila kula sahani moja.

Siprosa alikuwa mikayi, yaani mke wa kwanza. Mimi nilikuja nyuma yake nikitokea Suna, kule Migori, na mpaka anakufa hakuniita jina lingine ila Nyar Suna, binti wa Suna, kana kwamba nilikuwa mgeni atakayerudi kwao jioni. Nami nilimwita Min Ouma, mama yake Ouma, kwa jina la kifungua mimba wake. Asiyelijua boma la Kiluo aelewe jambo moja tu: mikayi ndiye hutangulia. Yeye hupanda kwanza, wewe unapanda kesho yake. Yeye huvuna kwanza, wewe unangoja hata kama mahindi yako yamekauka na ndege wanayala. Mume alipokufa niliwahi kufikiri kwamba utaratibu huo nao umezikwa. Siku ya kwanza ya masika Siprosa alitoka na mfuko wake wa mbegu kabla jua halijachomoza, akapita mbele ya mlango wangu polepole ili nimwone, na mimi nikairudisha mbegu yangu ndani.

Mwaka ninaousema ni ule ziwa lilipopanda. Maji yaliingia kwenye vibanda vya ufukweni, na kikundi chetu cha akina mama, ambacho kilikuwa kikikausha omena, wale dagaa wa ziwani, kilibaki bila mahali pa kuanikia. Ndipo tukapewa ghala lililokuwa la barafu ya samaki, na mashine mbili zilizotumika. Moja ilikatakata plastiki ikawa vipande vidogo kama kucha. Nyingine ilikuwa na pipa refu la chuma lenye moto, na ndani yake parafujo kubwa inayosukuma kama ile mashine ya kusagia nyama, ikitoa uji mzito wa plastiki ambao tuliushindilia kwenye kalibu za chuma ukatoka mbao. Ghala lile halikuwahi kuacha kunuka samaki. Kuta zake zilikuwa nene, zimefunikwa mabati kwa ndani, na mtu akinong'ona pembe moja unamsikia pembe nyingine. Tuliokota mitungi iliyopasuka, ile ya maji na ya mafuta ya kupikia, na tulikuwa na rundo la nyavu za nailoni kuukuu ambazo wavuvi walikuwa wakizitupa mchangani. Tulikuwa na malighafi hadi mlangoni.

Aliyetufundisha alikuwa Mkuria wa Kehancha, jina lake Chacha, mtu mfupi mwenye kovu la moto kwenye kiganja, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha plastiki huko Nairobi. Kiswahili changu cha kazini nimekipata kwake, kwa sababu yeye Dholuo hakukijua na sisi Kikuria hatukukitaka. Wiki ya kwanza alituambia kwamba mtungi na wavu havipatani. Siprosa, ambaye tulimchagua mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyethubutu kutomchagua, alimjibu kwamba kwenye moto kila kitu hupatana. Chacha hakubishana. Aliomba sahani tuliyokuwa tumelia samaki mbuta wa kukaanga, akamimina maji juu ya yale mafuta, akakoroga kwa kidole. Mafuta yakazunguka, yakarudi yakakaa peke yake. Akakoroga tena, yakarudi. Kisha akachukua kipande cha sabuni, akasugua, na mafuta yakatoweka ndani ya maji.

"Sabuni ina mikono miwili," alisema. "Mmoja unashika maji, mwingine unashika mafuta. Mitungi na nyavu nazo ni hivyo. Ukiziyeyusha pamoja utaona kama zimekuwa kitu kimoja. Lakini ndani kila mmoja amekaa na watu wake."

Akafungua mfuko wa punje nyeupe, ndogo, kama mtama uliokobolewa, uliokuwa umetoka Nairobi. Alisema hizo zina mikono miwili vilevile: upande mmoja unaingia kwenye plastiki ya mtungi, upande wa pili unaifunga nailoni. Unazichanganya zikiwa kavu na vipande vyako vikiwa vikavu, kabla ya moto, kidogo tu. Ukikosa kukausha nyavu, zinatoa mapovu. Ukikosa kusafisha mafuta ya samaki, mikono inateleza. Jina lake la kiwandani lilikuwa refu, hakuna aliyelishika. Mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo huyu ni jagam?" Jagam ni yule mtu kwetu anayekwenda baina ya nyumba ya kijana na nyumba ya msichana, anayezijua familia zote mbili, anayepeleka neno na kulirudisha limepoa. Tulicheka, na jina likabaki. Siprosa peke yake hakucheka.

"Jagam akishamaliza kazi hupewa kuku akaenda kwao," alisema. "Hakai katikati ya kitanda."

"Huyu anakaa, mama," Chacha alimwambia. "Akiondoka, hakuna ndoa."

Nilisikia wale mama wawili wa kuosha nyavu wakinong'onezana nyuma ya rundo siku hiyo, na ghala likaniletea maneno yao hadi nilipokuwa. Mmoja alisema, "Ukiwatazama hawa wawili, mikayi na Nyar Suna, hiyo ndiyo mtungi na wavu." Mwingine akasema, "Nani atakuwa jagam wao na mzee ameshakufa?" Nilikohoa. Wakarudi kwenye nyavu zao. Lakini nilirudi nyumbani na maneno hayo, na yaliniudhi kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Kwa miezi kadhaa kazi ilikwenda. Tulitengeneza nguzo za uzio, na wafugaji wa upande wa Ogwedhi walizinunua kwa sababu mchwa hawazili. Kisha likaja ombi la Macalder. Kule kwenye machimbo ya dhahabu, maji yalikuwa yamepanda ndani ya mashimo kama yalivyopanda kwetu, na vikanyagio vya ngazi, vile vipande vya mti wa bluugamu wanavyokanyaga wachimbaji wakishuka na kupanda, vilikuwa vinaoza. Walitaka vya plastiki. Aliyeleta neno alikuwa Ouma mwenyewe, mtoto wa Siprosa, aliyekuwa akichimba huko pamoja na wenzake, kwenye ardhi iliyo karibu na kwao mama yake, Karungu. Sijawahi kumwona Siprosa akitembea na kichwa juu namna ile. Mwanawe atakanyaga kazi ya mikono yake. Aliwaambia watu wa sokoni, akawaambia wa kanisani, akamwambia hata mwenye kibanda cha kuchaji simu.

Wiki ya kazi hiyo mambo mawili yalitokea pamoja. Chacha aliitwa kwao kwenye mazishi ya mjomba, na punje zetu zikaisha. Mfuko mwingine ulikuwa njiani kutoka Nairobi na haukufika. Alipokuwa akiondoka Chacha alisema wazi, akiwa na begi begani, kwamba kazi ya nyavu isifanywe mpaka mfuko ufike, na kwamba tukitaka kufanya kitu tufanye nguzo za mitungi mitupu. Tuliitikia kwa kichwa wote. Lakini mitungi tuliyokuwa nayo ilikuwa michache, nyavu zilikuwa mlima, na lori la kwenda Macalder lilikuwa limeshaahidiwa.

Siku moja kabla ya lori, nilifika ghalani nikakuta pipa limeshawashwa. Siprosa alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, kile cha bluu, na amesimama mbele ya mashine kama mtu anayefungua shamba. Wenzetu walikuwa wamesimama nyuma yake. Hiyo ndiyo desturi niliyoisema. Hatukuwa tumeiandika popote, lakini tangu mwanzo tuliileta ghalani kutoka bomani: kila kazi mpya, mchanganyiko wa kwanza ni wa mikayi, na kile anachokianzisha mikayi hakitupwi. Mavuno yake ya kwanza huliwa hata yakiwa na fukusi. Hakuna mwanamke aliyeolewa wa pili au wa tatu, na mle ndani tulikuwa wengi, ambaye angenyoosha mkono kuizima mashine hiyo.

"Min Ouma," nilimwambia, "jagam hajafika. Tungoje."

Hakugeuka. "Wewe ngoja," alisema. "Wewe ndiye umezoea kungoja."

Kuna aliyecheka kidogo, kisha akajutia. Nami nilisema tena, kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwamba zile ni mbao za kukanyagwa na watu walio juu ya shimo. Akaniuliza kama mimi ndiye mwenye mtoto ndani ya shimo au yeye. Akamimina. Na hili lazima niliseme kwa haki: mbao zilitoka nzuri. Zilikuwa nyororo, za kijivu kinachong'aa kama ngozi ya kambare, nzuri kuliko zote tulizowahi kutoa. Alipiga moja kwa kiganja, ikalia vizuri. Akanitazama, akasema, "Nyar Suna, njoo uone hiyo ndoa isiyo na jagam." Asubuhi yake lori lilizichukua. Vilibaki vipande viwili vitatu vilivyokuwa vifupi, vikaegemezwa ukutani.

Chacha alirudi siku chache baadaye. Aliingia, akaona vile vipande, akaona pembeni mfuko wa punje ambao ulikuwa umefika nyuma ya lori na bado umeshonwa mdomo. Alichukua kipande kimoja, akakiweka juu ya tofali mbili, akakipiga kwa nyundo. Pigo la kwanza halikufanya lolote. La pili kilikatika, na hakikukatika kama mbao. Kilifunguka. Ndani yake kulikuwa na matabaka, moja juu ya jingine, kama chapati, na unaweza kuingiza ukucha ukayaachanisha. Alikishika mkononi muda mrefu.

"Vingine viko wapi?"

"Macalder," nilisema.

"Vimefungwa?"

"Sijui."

Nilimuuliza vitavunjika lini. Nakumbuka nilitaka aniambie siku, ili nijue kama kuna muda. Akasema, "Mama, siwezi kukudanganya. Vinaweza kukaa mwaka. Vinaweza kukatika leo mtu akiruka kidogo. Kwa nje huwezi kujua." Wale mama walisikia. Mmoja akasema tupige simu. Ya Ouma haikupatikana, kwa sababu mtu akiwa chini ya ardhi hana mtandao. Mwingine akasema, "Nyar Suna, si uende wewe?" Nikamwangalia. Alijua, kama nilivyojua, kitakachosemwa. Mke mdogo anatoka Homa Bay mpaka Macalder kuwaambia wanaume kwamba kazi ya mikayi ni mbovu na mwanawe asiikanyage ngazi ya mama yake. Wangesema ni wivu. Wangenipa soda, wangenisikiliza kwa adabu, na ngazi ingebaki pale pale. Maneno hayo yalikuwa ya mdomo mmoja tu duniani, na mdomo huo ulikuwa nyumbani unakula chakula cha mchana.

Nilimkuta Siprosa mezani. Nyumba yake ilikuwa na kitambaa cheupe juu ya kila kiti, na mtu hakukaa mpaka aambiwe. Alikuwa na ugali, mboga ya osuga iliyotiwa maziwa, na samaki ngege mzima kwenye mchuzi. Hakuniambia karibu. Nilipita nikaweka kile kipande kilichovunjika juu ya meza, kando ya sahani.

"Chacha amerudi," nilisema.

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Chambua."

Aliendelea kula. Alimalizia tonge, akanawa mkono mmoja, akakivuta kipande kwa ncha za vidole kama kitu kichafu. Akaingiza ukucha. Tabaka moja likatoka. Akaliweka kando. Akachambua la pili. Nilisimama nikimtazama, na sikusema kitu, kwa sababu ningesema angepata wa kugombana naye. La tatu lilitoka refu, jembamba, unaona mwanga upande wa pili.

"Mmepaka mafuta," alisema.

"Hakijapakwa."

Alichambua mpaka hakikubaki kitu cha kuchambua, marundo madogo ya kijivu kando ya samaki. Kisha alisimama, akafunika chakula kwa sahani nyingine, akachukua kitambaa chake. Mlangoni alisimama nikiwa nyuma yake. "Tukifika," alisema, "wewe usiseme kitu." Nikamwambia sitasema. Tulipanda gari la kwenda Macalder. Alikuwa amekunja mikono, na kila gari lilipopunguza mwendo niliona vidole vyake vikifinya kiwiko.

Macalder ni ardhi iliyogeuzwa ndani nje. Udongo wa chini uko juu, marundo meupe na mekundu, na kati yake mashimo yenye magogo mdomoni. Shimo la akina Ouma lilikuwa na kapi juu yake, na kamba ya kuvutia magunia ya mawe. Ogada, mzee wa kikundi chao, alitupokea kwa furaha, akatuma tuletewe viti. Vijana waliokuwa wakiponda mawe walitusalimu. "Mathe wa ngazi amekuja," mmoja alisema. "Mathe, hiyo kitu yako iko poa kabisa. Haitelezi." Mwingine akasema watatuagiza tuwatengenezee na wake wa plastiki, wasiooza. Wakacheka. Siprosa hakukaa kwenye kiti. Alisogea hadi ukingoni, akatazama chini, nami nikasogea nyuma yake. Vile vikanyagio vilionekana vizuri, vya kijivu, vimefungwa kwa boliti kwenye vyuma viwili, kimoja chini ya kingine, mpaka giza lilipovimeza.

"Ouma yuko wapi?" aliuliza.

"Chini. Anakuja, zamu yake imekwisha," Ogada alisema. "Kuna shida, mama?"

Sasa ndipo ulipofika wakati wa kusema. Nilimwona akifungua mdomo, akaufunga. Wanaume wote wale walikuwa watu wa kwao, wa upande wa Karungu, wanamjua tangu akiwa msichana, na yeye ndiye binti yao aliyeolewa akawa mikayi, akawa mwenyekiti, akarudi na kitu cha kujivunia. Alisema, "Nimekuja tu kuona." Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Chini mle tukasikia mtu anaimba wimbo wa kanisani kwa kuukosea, na chuma kikigonga chuma. Ngazi ikatikisika kidogo. Ouma alikuwa ameanza kupanda.

Unasikia mguu, kisha unasikia kimya, kisha mguu mwingine. Nilitazama mgongo wa Siprosa. Niliamua kwamba nikisikia mguu mmoja zaidi nitasema mimi, wivu na uitwe wivu. Lakini alipiga magoti. Mwanamke yule, ambaye hata kanisani alisali ameketi akisingizia kiuno, alipiga magoti kwenye tope la machimbo na kitambaa chake cha bluu.

"Ouma. Simama hapo hapo."

Wimbo ulikatika. "Mama? Unafanya nini huku?"

"Usisogeze mguu. Shika kamba."

"Kamba ya nini? Si ngazi iko?"

"Shika kamba, nakuambia. Hiyo ngazi usiikanyage."

"Si ni ya kwako?"

Juu hakuna aliyekuwa akiponda mawe tena. "Ndiyo ya kwangu," Siprosa alisema, na hakupunguza sauti ili wengine wasisikie. "Niliitengeneza vibaya. Nyar Suna aliniambia, nikakataa. Shika kamba, mwanangu."

Ogada alikuwa mtu wa kuelewa haraka. Aliwapigia vijana kelele, wakakimbilia kapi, kamba ikashuka. Tulimsikia Ouma akiitafuta gizani, akijifunga, akisema neno fulani kwa hasira kidogo kama kijana anayeona mama amemwaibisha mbele ya wenzake. Wakaanza kuvuta. Na alipouinua mwili ili kamba imbebe, akajisukuma kwa mguu kama mtu yeyote angefanya. Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama muhogo mkavu ukivunjwa. Kisha kimya, kisha chini sana maji yakapokea kitu. Kamba ilikaza. Wale vijana wa kwenye kapi waliinama nyuma wote kwa pamoja, visigino vikachimba udongo, na wakavuta mpaka kofia ya Ouma ikatokea, kisha uso wake, ambao ulikuwa hauna hasira tena.

Siprosa hakumkumbatia. Alimwangalia miguu, mmoja kisha mwingine, akamwambia aende akanawe. Akaomba ngazi itolewe yote na akaomba nyundo. Walitaka kumsaidia, akawakatalia, kwa sababu kilichoanzishwa na mikayi hakuna mwingine wa kukivunja. Alivipiga kimoja kimoja. Vingi vilifunguka kama kile cha Chacha. Vingine havikuvunjika, alivipiga mpaka akachoka, na vikabaki vizima. Hivyo ndivyo vilivyonitisha zaidi, maana alama ya kuvitofautisha haikuwepo. Mmoja wa vijana, yule wa mzaha wa wake, aliokota kipande akakichambua, akakirudisha chini polepole.

Tulifika nyumbani jua likizama. Nilikuwa nakwenda mlangoni kwangu aliposema, "Nyar Suna, chakula kipo." Alipasha moto ule ugali kwa kuukata vipande na kuuweka juu ya jiko, kitu ambacho hakukipenda, akampasha na samaki, akaweka sahani moja katikati. Yale matabaka ya kijivu bado yalikuwa mezani. Aliyafagia kwa mkono akayatupa nje. Tulikula. Alimpasua ngege, akaniwekea upande wa kichwa, ambao siku zote alikuwa akiula yeye. Hakuniomba msamaha, nami sikuja kuutafuta. Kitu alichosema ni kwamba osuga ililala bila chumvi ya kutosha. Nikamwambia ilikuwa na chumvi. Tukabishana kuhusu chumvi mpaka nikaenda kulala.

Asubuhi Chacha alifungua ule mfuko. Nyavu zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni na kuanikwa mpaka zikalia zikishikwa, mitungi imekatwa, kila kitu kimesubiri. Wote tukangoja Siprosa aanze. Alichota punje kwenye kikombe, akanyoosha mkono kwangu.

"Mimina," alisema.

"Wewe ndiye mikayi."

"Ndiyo maana nakuambia mimina."

Nilimimina. Hakuna radi iliyopiga. Chacha alivunja kipande cha kwanza, akapiga mara nyingi mpaka jasho likamtoka, na kilipokatika mwishowe ndani kilikuwa kimeshikana, kimeganda kama mche wa sabuni. Siprosa alikipitishia ukucha. Haukupata pa kuingia. Akakirudisha. Za Macalder zilitengenezwa upya, kila moja ikalazwa juu ya tofali na Siprosa akasimama juu yake mwenyewe kabla haijapakiwa, na kutoka siku hiyo hakuna mbao iliyotoka mle bila kukanyagwa na mwenyekiti. Zile mbao za kwanza kabisa za mchanganyiko huo, alikataa ziuzwe. Alimwambia fundi azipigilie ziwe benchi, likawekwa chini ya dirisha lake.

Anayesoma asifikiri kwamba tulikuwa dada baada ya hapo. Tuligombana kuhusu kuku wangu kuingia kwenye sukumawiki yake mpaka mwaka huu. Masika iliyofuata alitoka na mbegu kabla ya jua kama kawaida, akapita mlangoni kwangu polepole. Lakini alisimama. Aliniuliza, "Umeshatayarisha mbegu?" Nikasema bado. Akanisubiri.

Jumamosi ile ya mazishi, viti vya kukodi havikutosha, vijana wakaenda kulitoa lile benchi chini ya dirisha. Limepauka kwa jua, na mbuzi wamelilalia kwa miaka. Ouma ndiye aliyelibeba upande mmoja, sasa ana watoto wawili na tumbo. Waliliweka mbele, upande wa wakwe, na mkwe mmoja kutoka Ndhiwa, mtu mzito sana, akaliinamia akaligonga kwa vidole. Alitazama huku na huku akatafuta wa kumuuliza, akaniona mimi karibu.

"Mama, hii ni plastiki? Kweli itanibeba?"

Nilimtazama Ouma, naye akanitazama, kisha akageuza uso upande wa kaburi.

"Kaa," nilimwambia yule mkwe.

Akakaa.